Lenzi ya Kambo

Shinyanga,
3 Machi 1937

Mpwa wangu Salehe,

Mama yako Chiku ni mzima, na nyumba yangu haina la kulalamika isipokuwa hili nitakalokueleza. Nakuandikia wewe kwa sababu uko Geita kwenye dhahabu, mahali ambapo Wazungu hufika na kila kitu na kuondoka wakiwa wameuza hata birika.

Lenzi ya kamera yangu imevunjika. Nilikuwa nimeisimamisha kamera uani kwa miguu yake mitatu, mguu mmoja ukateleza, yote ikaanguka. Mbao ni nzima, na mfuko wa ngozi ni mzima. Lenzi imepasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Ni ile ile uliyojifunzia, niliyoinunua pwani kabla ya vita pamoja na kamera yenyewe, vyote viwili kazi ya kampuni moja. Fundi wa saa aliitazama, akaifunga tena katika kitambaa chake. Nimeuliza Tabora na Mwanza. Lenzi ya namna hiyo haipatikani tena.

Nitafutie nyingine. Kama ya kampuni ile haipo, lete ya kampuni yoyote inayotoshea, ingawa moyo wangu haupendi.

Jambo lenyewe ni la haraka. Maige wa Ibadakuli, yule mwenye ng'ombe, amejenga nyumba ya bati na anataka picha ya mama yake ya kutundika ukutani. Bibi Mageni ni mzee sana na hajapata kukaa mbele ya kamera. Amekubali, lakini amesema atakaa mara moja tu, na akiinuka ameinuka. Kuna kijana wa Mwanza anayekuja kwa treni na kamera ndogo ya filamu, naye amekwisha kumfuata Maige na maneno yake matamu. Nikimkosa bibi huyu, mji wote utajua kabla jua halijatua, nami nitashusha kibao kilicho juu ya mlango wangu. Sisemi hivyo kwa kukutisha. Nimekwisha kuangalia misumari yake.

Jibu upesi. Andika kwa herufi kubwa na kwa wino mweusi. Huo wino wako wa buluu ni wa watu wavivu.

Mjomba wako,
Maulidi bin Akida


Geita,
28 Machi 1937

Mjomba wangu,

Shikamoo. Wino huu ni mweusi, na herufi, kama unavyoona, ni kubwa kama za kibao chako.

Nimepata lenzi. Isingekuwa kazi yangu ya kuhamahama nisingeipata. Hapa hakuna mtu anayekaa, Mjomba. Leo kambi iko bondeni, kesho wamesikia kuna mwamba bora ng'ambo ya kilima, na vibanda vyote vinahama, na mimi nyuma yao na kamera begani. Baruti inapolipuka mchana, dawa zangu zinatikisika bakulini. Wachimbaji wanataka picha zao leo hii, wameshika sururu kama bunduki, kwa kuwa hawajui kesho watalala wapi. Nami sijui. Wiki iliyopita niliamka sikukumbuka niko kambi gani.

Katika mojawapo ya safari hizo nilimkuta Mzungu mgonjwa wa homa akiuza vitu vyake aondoke. Kati ya kitanda na sufuria palikuwa na lenzi ya shaba. Si ya kampuni iliyotengeneza kamera yako, lakini kioo chake ni safi, hakina mkwaruzo wala ukungu. Niliifunga kwenye kamera yangu, nikampiga picha rafiki yangu Alois. Picha hiyo nimeiweka humu. Tazama nyusi zake: unaweza kuutenga unywele na unywele.

Alois ni seremala, Mkatoliki wa Ushirombo. Ndiye aliyechonga ubao wa kuishikilia lenzi katika kamera yako, kwa vipimo ninavyovikumbuka. Anakusalimu na anasema, "Mwambie mjomba wako mninga huu umekauka kuliko padri wakati wa Kwaresima. Haupindi."

Sanduku analileta dereva wa lori hadi Mwanza, na kutoka hapo litapanda treni. Nipe habari ya picha ya kwanza.

Mpwa wako,
Salehe


Shinyanga,
25 Aprili 1937

Salehe,

Sanduku limefika, na lenzi yako ya kambo imo.

Naiita ya kambo kwa sababu ndivyo ilivyo. Imeingia katika nyumba isiyo yake na haielewani na mtu. Nimempiga picha karani wa stesheni na mkewe. Karani ametoka kama mtu aliye nyuma ya pazia, mkewe kama pazia lenyewe. Nimempiga muuza chumvi. Naye hali ni hiyo hiyo. Nilipiga kama ninavyopiga siku zote. Sikuongeza jambo wala kupunguza. Kwa hiyo kosa si langu.

Naona ubao wa huyo seremala wako ni mnene mno, nao unaisogeza lenzi mbele kuliko inavyopaswa. Mwambie mninga hautoshi kuwa mkavu. Sharti uwe na kipimo. Chongeni mwingine.

Picha ya Alois nimeiona. Ni picha nzuri. Lakini mtu mmoja aliyepigwa huko kambini katikati ya vumbi si ushahidi wa jambo.

Maige alipita jana akaniuliza, "Mzee Maulidi, mashine imepona?" Nikamwambia imepona. Sasa umeniweka mahali pa kusema nisichopenda kusema.

Maulidi bin Akida


Kambi ya pili, Geita,
12 Mei 1937

Mjomba,

Shikamoo. Ubao mpya huu hapa, mwembamba kama ulivyotaka. Alois amenuna kwa siku nzima. Amesema, "Nimechonga milango ya kanisa, leo nashindwa na mlango wa jicho?" Lakini ameuchonga.

Naomba unisaidie jambo moja ili nijue ugonjwa uko wapi. Unapoingia chini ya kitambaa cheusi na kutazama kile kioo cheupe cha nyuma, sura ya mtu inaonekana kali au inaonekana na ukungu? Kama ni kali pale na sahani, kile kioo kinachoshika picha, inatoka na ukungu, ubao una kosa au sahani haikai mahali pake. Kama hata pale kiooni sura haipati ukali, lenzi imeharibika njiani. Ni wewe uliyenifundisha hivyo: kioo cha nyuma hakimwogopi mtu, kinasema kweli. Uliniambia nisipige mpaka nimeona kope.

Nijibu hilo tu, Mjomba. Kope unaziona?

Tumehama tena. Safari hii hata mbwa wa kambi walichoka wakabaki.

Salehe


Shinyanga,
2 Juni 1937

Salehe,

Nilimwamini mtoto wa dada yangu kuliko ilivyopasa.

Maige alimleta mama yake Jumatatu bila kunipa taarifa. Angalikuja baada ya mavuno kama tulivyopatana; lakini bibi aliamka asubuhi akasema ni leo. Ningemwambiaje arudi? Ubao wako mpya ulikuwa umefika. Nilimketisha uani penye kivuli chepesi, nikapima, nikapiga. Alitulia kama jiwe. Nilipoitoa sahani katika dawa, binti yangu Mwasiti alinyamaza, nami nikajua.

Maige aliishika picha akaipeleka kwenye jua. Akasema, "Mzee, mama yangu yu hai. Mbona umenipa mzimu wake?" Watu walikuwapo. Muuza chumvi alikuwapo naye akaongeza yake: "Afadhali huyo ana umbo. Mimi alinitoa moshi mtupu." Wakacheka. Wamecheka mlangoni kwangu, Salehe, chini ya kibao changu.

Bibi Mageni hakucheka. Aliuliza kwa Kisukuma ni nini kilichotokea, akaambiwa. Maige amemsihi kwa maneno mengi, naye amekubali kukaa tena mara moja baada ya pamba kuuzwa, kabla hajaenda kwa binti yake Kagongwa. Huko ndiko anakokwenda kukaa na kufia, amesema mwenyewe. Hakuna mara ya tatu.

Ubao mwembamba umeharibu kuliko ubao mnene. Nimefikiri joto la treni limeilegeza lenzi. Nimefikiri dawa zimechacha. Kisha nimefikiri jambo lingine, nalo nitalisema: kijana anayetaka kufungua duka lake la picha hapa mjini atafaidika sana mjomba wake akishusha kibao. Picha yako uliyopiga kwa lenzi hiyo hiyo ni kali. Zangu ni moshi. Nieleze wewe msomi wa kambini.

Maulidi bin Akida


Geita,
14 Juni 1937

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako nimesimama, kwa kuwa mahali pa kukaa palikuwa pamekwisha kufungwa kamba. Sikujua kwamba hasira inaweza kumfanya mtu kama wewe aandike mstari juu ya mstari. Mahali pengine maneno mawili yamelaliana, na mwisho wa ukurasa umeandika mezani, maana neno la mwisho limekatika ukingoni. Wewe ulinichapa vidole kwa kosa dogo kuliko hilo.

Sina duka, na sitaki duka. Nina kamera moja, mkeka mmoja na rafiki mmoja. Nilitembea kambi hadi kambi kukutafutia lenzi hiyo wakati ningeweza kulala. Nilikuuliza kama unaona kope. Hukunijibu. Umenijibu ubao, umenijibu treni, umenijibu dawa, na sasa umenijibu mimi mwenyewe.

Kama lenzi haikufai, nirudishie. Wapo watu hapa watakaoipokea kwa mikono miwili.

Salehe bin Chiku, kwa kuwa leo sina mwingine wa kujivunia


Shinyanga,
21 Juni 1937

Kaka Salehe,

Hujambo na hasira zako? Mimi sijambo. Barua hii naipeleka posta chini ya kanga, kwa hiyo usinijibu kwa jina langu.

Barua yako nilimsomea Baba mimi. Zote namsomea mimi, tangu mwaka juzi. Nilipofika pale pa "nirudishie" niliruka. Nilisema, "Salehe anasema atafikiri zaidi juu ya jambo hili." Baba akasema, "Afikiri upesi." Na lile la bin Chiku nililiruka pia, mwovu wewe. Shangazi angelisikia angelia.

Baba haoni, Salehe. Haoni vizuri. Anaona mwanga, anaona mtu anakuja, anajua ni mimi kwa mwendo wangu. Siku lenzi ilipovunjika mguu wa kamera haukuteleza, aliukanyaga. Barua zake anaandika mwenyewe kwa kufuata ukingo wa karatasi kwa kidole, na akimaliza ananiuliza, "Mistari imenyooka?" Namwambia imenyooka.

Sasa sikiliza habari ya lenzi. Kwenye ule ubao wa chini, pale sehemu ya mbele ya kamera inapotelezeshwa, pana alama zilizochongwa kwa kisu. Wewe ulidhani ni mikwaruzo, hata mimi nilidhani hivyo. Moja ni ya mtu mmoja, ya pili ni ya mume na mke, ya tatu ni ya kundi. Baba humpima mtu kwa kamba, kutoka kamera hadi pua, kisha husogeza mbele mpaka kidole chake kiguse alama. Halafu huingia chini ya kitambaa, akakaa mle muda wa kutosha ili watu waone kwamba anatazama, akatoka. Hatazami kitu. Ndivyo anavyofanya kazi kwa miaka, na picha zilitoka kali kwa sababu alama zile alizichonga akiwa na macho yake, kwa lenzi ile ya zamani. Hii ya kwako ina urefu wake. Alama zile haizijui.

Nimejuaje? Siku ya Bibi Mageni, walipokuwa wanapigana maneno mlangoni, niliingia mimi chini ya kitambaa. Kuku wetu mweupe alikuwa amepanda kile kiti. Mwanzoni alikuwa ukungu. Nikasogeza mbele kidogo tu, kama upana wa punje mbili za mahindi. Salehe, nilimwona kuku kichwa chini na kila unyoya mahali pake! Nilimwona jicho likizunguka. Lenzi yako haina kosa lolote.

Nikatoka nikarudisha kila kitu kwenye alama ya Baba. Sikusema. Ningesemaje? Anasimama hapo mlangoni anashikashika kile kibao kama mtu anayepima sanda. Tangu juzi hakai kitako. Anatoka, anaingia, anafuta kamera ambayo imefutwa.

Pamba imeanza kuuzwa. Fanya jambo, lakini usimwambie kwamba nimekwambia. Na usimwambie kwamba unajua. Akijua kwamba unajua, atashusha kibao siku hiyo hiyo.

Ndugu yako,
Mwasiti


Geita,
1 Julai 1937

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yangu iliyopita niliiandika wakati wa kuhama, nayo huenda ilikuwa na vumbi. Naomba uisahau.

(Mwasiti, kuanzia hapa soma polepole, na mahali nilipotia mabano uyaruke. Najua unajua kuruka.)

Nimewauliza watu wanaozijua lenzi za kampuni hii. Wameniambia kwamba sikukosea kuinunua, ila nilikosea kutokukueleza tabia yake. Lenzi hii haikubali vipimo vya lenzi nyingine. Vipimo vyote vya zamani, hata viwe sahihi namna gani, kwayo si kitu. Isitoshe, nafasi yake ya ukali ni finyu mno. Mtu akiyumba kidogo, amekwisha kutoka ndani yake. Kwa hiyo, hasa kwa wazee, hupigwa na watu wawili.

Mmoja hukaa nyuma ya kamera na kutazama kioo tu. Huyo hana haja ya kuwa na elimu, wala kuwa mrefu. Awe na subira ya kusubiri kope. Wa pili hukaa mbele, karibu kabisa na anayepigwa, akazungumza naye, akamtuliza, akamwekea kichwa sawa. Huyo wa pili ndiye mwenye kazi ngumu. Lazima awe mtu mzima, mwenye heshima, ambaye bibi kama Mageni hawezi kumdharau. Nimefikiri sana ni nani hapo kwako anayeweza kazi ya mbele, na sioni mwingine ila wewe.

(Kazi ya nyuma ni yako, ewe bingwa wa kuku. Fanya mazoezi kila siku akitoka kwenda kuswali. Kabla ya kope tafuta kifungo cha nguo, kifungo hakipepesi.)

Alois anasema yeye hajapata kusikia habari za lenzi ya watu wawili. Nimemwambia hajasikia mambo mengi.

Mpwa wako mtiifu,
Salehe


Shinyanga,
16 Julai 1937

Salehe,

Barua yako imesomwa.

Hakuna lenzi ya watu wawili. Nimeishika kazi hii tangu mama yako hajaolewa, nimewapiga maliwali na mapadri, arusi na maiti, wala sijapata kuona kamera inayohitaji mtu wa mbele na mtu wa nyuma kama msumeno wa kupasulia magogo. Huko kambini mnadanganyana.

Tena Mwasiti alifika mahali katika barua yako akanyamaza, kisha akaendelea kwa sauti ya mtu aliyeruka mfereji. Akafika mahali pengine akaruka tena. Sikumuuliza. Mzee akiuliza kila kitu, ataambiwa kila kitu.

Unataka nimweke binti yangu chini ya kitambaa, wanaume wakae mbele yake akiwatazama kichwa chini miguu juu? Watu wa mji huu watasema nini? Sitaki kuisikia tena habari hiyo.

Kijana wa Mwanza ameonekana tena kwa Maige. Maige amemwambia asubiri mpaka mama yake amalize kwangu. Amemwambia hivyo akicheka, nimeambiwa. Bibi analetwa Alhamisi, tarehe tano ya mwezi ujao. Sina raha ya kukaa wala ya kusimama.

Umesema mtu wa nyuma hana haja ya kuwa mrefu. Hukusema asimame juu ya nini.

Maulidi bin Akida


Shinyanga,
9 Agosti 1937

Mpwa wangu Salehe,

Mkono huu si wangu, kama utakavyokuwa umeona. Mimi nasema, Mwasiti anaandika. Nimemwonya aandike ninachosema na asiongeze lake.

(Sijaongeza kitu, Kaka, ila hili.)

Alhamisi Maige alikuja na mama yake kwa gari la ng'ombe, na nyuma yao watu waliokuja kutazama moshi. Kijana wa Mwanza alikuwapo pia, na kamera yake shingoni kama kengele ya mbuzi. Nilikuwa nimeweka kiti uani na kamera mbele yake. Nilipomtia Mwasiti kitambaa kichwani, Maige alisema kwa sauti ya kusikika, "Mzee Maulidi, leo mashine umempa mtoto wa kike? Mama yangu si wa kujifunzia." Nikamwambia, "Leo kazi yangu ni mama yako. Mashine ina mtu wake. Kaa kando, kivuli chako kinaingia."

Akakaa kando.

Nikachukua kigoda nikakaa karibu na Bibi Mageni, magoti yetu karibu yaguse. Nikamwamkia kwa Kisukuma kama mtu anavyomwamkia mama, "Mwangaluka, Mayu." Akaitikia. Halafu akaniinamia mpaka nikasikia harufu ya tumbaku yake, akasema maneno ya Kisukuma ambayo Mwasiti alinitafsiria kutoka chini ya kitambaa, ingawa niliyaelewa. Alisema, "Kumbe una uso! Siku ile ulikimbilia ndani ya nguo nyeusi kama kuku aliyeona mvua. Nilikaa mbele ya mtu asiye na kichwa. Nani angetulia?"

Nikamwambia alitulia kama jiwe. Akasema, "Jiwe ni la watu waliokufa."

Kisha akaweka kidole chake chini ya jicho langu la kulia, na baadaye chini ya la kushoto. Akasema, "Na wewe umeingiwa na maziwa. Kama mimi." Maige alikuwapo, na muuza chumvi alikuwapo. Nikamjibu, "Ndiyo, Mayu."

Hilo ndilo aliloniuliza, na hilo ndilo nililomjibu. Sina la kuongeza.

Baada ya hapo niliamrishwa uani kwangu mwenyewe. "Baba, kidevu juu kidogo." "Baba, sikio la kushoto limetoka nje." "Baba, umeingia wewe, rudi nyuma." Bibi Mageni akauliza ni nani anayempigia baba yake kelele kutoka ndani ya mfuko. Nikamwambia ni binti yangu. Akafurahi, si kwa kucheka, bali uso wake wote ulikaa mahali pake. Nililijua hilo kwa sauti yake. Wakati huo huo Mwasiti akasema, "Naziona." Nikamwuliza, "Nini?" Akasema, "Kope." Nikasema, "Sasa."

Sahani tuliisafisha pamoja. Mwasiti aliniambia kilichomo, kimoja kimoja: mikunjo ya shavu, tundu la sikio, ushanga wa shingoni na uzi uliopita ndani ya ushanga. Nilimkatiza, nikamwambia uzi hauwezi kuonekana. Akasema unaonekana.

Jana tuliipeleka picha Ibadakuli. Maige aliishika, akaipeleka kwenye jua kama safari ile. Alinishika mkono akanipeleka ndani kwa mama yake, na kijana wa Mwanza tulimwacha nje akikunja kamba ya kamera yake. Bibi aliiweka picha karibu na jicho, karibu kabisa, akaisogeza huku na huku, akasema, "Huyu si mimi. Huyu ni mama yangu." Maige akamwambia ni yeye mwenyewe. Akasema, "Ninyi hamkumjua." Amekataa isitundikwe ukutani. Anakwenda nayo Kagongwa. Maige ameagiza nyingine ya nyumba ya bati.

Sasa mambo machache, nawe uyashike.

Lile neno la duka nililokuandikia, lilikuwa baya, nami nimelifuta. Njoo ukichoka kuhama. Mlango una kibao bado, na misumari yake ni mizima. Mwambie Alois kwamba ubao wake wa kwanza, ule mnene, ndio tuliotumia. Ulikuwa sawa tangu mwanzo.

Alama zangu za kisu nimezitoa kwa msasa. Nilimwambia Mwasiti achonge zake kwa lenzi hii, akakataa. Anasema atatazama.

Kitambaa cheusi kilikuwa kirefu kwake, kikimwangukia miguuni akijikwaa. Nimekikata.

Barua zako tangu leo mwandikie yeye. Wino wowote.

Aliyesema: Maulidi bin Akida
Aliyeandika: Mwasiti binti Maulidi, mpiga picha
(neno la mwisho amelisema Baba)